Presha ya Mama, Presha ya Lori

Siku hizi gari inakuambia yenyewe ikiwa mgonjwa. Yangu ni ndogo, ya mitumba kutoka Japani, naibebea karoti na kabeji kutoka Molo hadi Nakuru. Mbele ya usukani kuna taa ya manjano ya tairi, umbo lake kama sufuria iliyokatwa ubavu, ndani yake alama ya mshangao. Msimu huu wa baridi, ile baridi yetu ya umande kuganda juu ya majani ya viazi mpaka shamba linakuwa jeupe kama limemwagiwa unga, taa hiyo ilianza kuwaka kila asubuhi nikitia ufunguo. Nikifika Njoro, tairi zimepata joto, inazimika. Nikaizoea, kama mtu anavyozoea kikohozi cha mzee nyumbani.

Halafu wiki moja ikakataa kuzimika. Nikafika Nakuru inawaka, nikarudi Molo inawaka. Kesho yake asubuhi jirani yangu, mwalimu mstaafu ambaye anajua kila kitu, akainamisha kichwa dirishani akaiangalia. "Ni baridi tu, Mama Ruth," akaniambia. "Presha itapanda ukiteremka."

Alisema kwa wema. Lakini mimi nilizima gari nikakaa pale nimeshika usukani, na vile vidole vyangu viwili vya mkono wa kushoto ambavyo havikunjiki vikaanza kuuma. Maneno hayo niliyasikia mara ya kwanza nikiwa na miaka minane. Aliyeyasema aliitwa Sila. Aliyeyakubali kwa haraka aliitwa Hezron. Nawataja kwa majina kwa sababu miaka yote hii watu wakisimulia habari ya baba yangu wanasema "lile lori", "ile baridi", kama kwamba lori lilijipakia lenyewe na baridi ikashika usukani.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka maisha ya laini, yale makao ya vibarua wa mashamba. Vyumba kumi na viwili vya mbao vimepangwa kama mabehewa, moshi wa mwerezi unatoka chini ya mabati, na harufu ya udongo wa viazi imeingia mpaka kwenye blanketi. Sisi tulikaa chumba cha mwisho, kwa sababu nje ya mlango wetu kulikuwa na nafasi ya lori la Hezron kulala. Baba alikuwa tanboi wa lori hilo. Kwa wasiojua, tanboi ndiye anayepanda juu ya mzigo, anayefunga turubai, anayeruka chini mlimani na jiwe mkononi alisukume nyuma ya tairi gari lisirudi. Dereva anapata heshima, tanboi anapata vumbi. Baba hakulalamika. Alilipenda lile lori kama ng'ombe wake.

Kila asubuhi kabla ya chai alilizunguka akiwa na kipande cha mti mgumu, akigonga tairi moja baada ya nyingine. Hakukuwa na taa ya kumwambia chochote. Masikio yake ndiyo yalikuwa taa. Tairi nzima inajibu kwa sauti ya juu, inamrudishia mti mkononi. Tairi iliyopungua inasema "bu", kama mtu aliyeamshwa bila kupenda. Nilimfuata nyuma nimejifunga shuka, miguu haina viatu, nikiruka kutoka nyasi moja hadi nyingine kwa sababu ya ule umande wa barafu. Alikuwa akiniita Mamangu, maana nimebeba jina la mama yake, na heshima aliyonipa ilikuwa ya mama mzazi, si ya mtoto. Akigonga ananigeukia: "Mamangu, huyu anasemaje?" Nami nasema mzima. Tukimaliza zote sita tunaenda kunywa chai.

Mama alikuwa mgonjwa wa presha. Hapa ndipo nilipokosea, na nataka nieleze polepole, kwa sababu kosa langu halikuwa la ujinga. Lilikuwa na akili ndani yake.

Mama alinipeleka naye kliniki mara mbili. Nesi alimfunga kitambaa mkononi, akaanza kukiminya kile kipira cheusi, fu, fu, fu, na kitambaa kikafura mpaka mkono wa mama ukaonekana mdogo. Nikaona kwa macho yangu mama anajazwa upepo. Kisha nesi akafungua kitu, upepo ukatoka, fsss, akaangalia saa yake ya ukutani yenye mshale na kusema presha iko juu sana. Akamwambia mama asile chumvi, asibebe gunia, na kwamba ikizidi kupanda anaweza kuanguka asiamke. Mara ya pili akampima, fsss, akatabasamu: leo imeshuka kidogo. Niliondoka pale najua mambo matatu. Presha ni upepo. Ikipanda inaua. Na dawa yake ni kuufungulia utoke.

Msimu wa baridi ule mama alianguka kwenye shimo la viazi akiwa ameshika jembe. Wakampeleka hospitali ya Nakuru, wakamlaza. Nyumba ikawa na baba na mimi tu. Usiku sikulia, lakini kila nikifumba macho niliuona mkono wake ukifura.

Siku ya tatu Hezron akapata mzigo wa viazi wa kupeleka Nakuru. Baba akasema tutaenda sote, lori likishusha sokoni yeye anipeleke nikamwone mama. Nilivaa gauni la kanisa juu ya sweta mbili. Walipakia tangu alfajiri, na walipakia vile vile walivyozoea: gunia likijaa wanaliongezea wavu juu, wanalijaza tena mpaka linakuwa na kilemba. Hezron alisimama kando na koti lake refu, akihesabu vilemba. Lori likalala chini mpaka chuma zikalia.

Baba alipozunguka kugonga, nilikuwa nyuma yake. Ya mbele kulia, mzima. Ya mbele kushoto, ile iliyokuwa karibu na mlango wetu, mzima. Akaenda nyuma, ambako zinakaa mbili mbili. Upande wa kushoto aliingiza mti katikati akaigonga ile ya ndani. Ikasema "bu".

Akaigonga tena. "Mamangu, huyu anasemaje?"

"Analala," nikasema.

Akamwita Sila, dereva. Sila alikuwa mtu wa kofia ya sufu na jino la mbele lililovunjika, mtu wa mzaha mwingi, ambaye wanawake wa laini walimpenda. Alikuja na kikombe cha chai, akaipiga ile tairi teke moja bila kuinama.

"Ni baridi tu, Yohana. Presha itapanda tukiteremka."

Baba akasema hapana, hii ina kitu, haishiki upepo, tuitoe. Sila akacheka, akasema kuitoa ni kushusha gunia zote hizi, na wewe na mimi nani atazipandisha. Hezron akasogea. Sikumbuki kila neno lake, lakini hili nalikumbuka kwa sababu nilimwona baba likimwingia. "Mimi nilikuandika kuweka mawe, Yohana. Sikukuandika kuwa daktari wa gari. Kama umechoka, laini imejaa wanaume."

Baba aliweka ule mti wake chini ya kiti cha lori, akaingia ndani kumalizia chai. Nimewahi kumlaumu kwa kunyamaza, nikiwa msichana, kabla sijaajiriwa na mtu. Baada ya kuajiriwa niliacha. Na siku ile mke wake alikuwa amelazwa Nakuru, na njia ya kumfikia ilikuwa lori la Hezron.

Wao wakienda kunywa chai, mimi nilibaki nje na yale maneno. Presha itapanda. Alisema kama habari njema, yule mjinga. Nilifikiria mama shimoni na jembe lake. Nikafikiria lori linateremka na presha yake inapanda, inapanda, na baba ndani yake. Wanaume wazima watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kwenda kliniki kuona.

Ile ya nyuma ya ndani mkono wangu haukuifikia. Nikaenda kwenye ya mbele kushoto. Nilitoa kile kifuniko kidogo kwa meno, kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, nikaokota kijiti nikabonyeza katikati. Fsss. Upepo wenye harufu ya mpira mzee ukanipiga usoni. Nilishikilia kwa muda wa Baba Yetu, nikifanya haraka pale kwenye mkate wa kila siku. Mlango wa jikoni ukalia, nikarudisha kifuniko, nikaficha mkono kwenye sweta. Nilijisikia kama nesi. Nilitamani kumwambia baba kwamba imeshuka kidogo, lakini niliona ningoje tufike, nimwambie mama kwanza.

Tulipoondoka nilikaa katikati ya Sila na baba, baba upande wa dirisha. Tulisimama Elburgon kwenye petroli, wakashuka wote wawili, nikabaki ndani nikipuliza kioo na kuchora mstari kwa kidole. Walisemeshana nje, baba sauti yake ikapanda kidogo, ya Sila ikacheka. Wakarudi. Baba hakuwa na furaha lakini alinifunga na koti lake, akaniambia mama atafurahi kuona nimechana nywele.

Kwenye mteremko wa kuelekea Njoro kulikuwa na mlio mmoja. Watu husema kama bunduki. Mimi nilisikia kama mlango wa kanisa ukibamizwa. Lori likainama, na viazi vyote vile na vilemba vyao vikataka kwenda upande mmoja. Baba alinisukuma chini kwenye miguu ya Sila akanilalia. Hayo tu ndiyo ninayo. Nilipotolewa kulikuwa na viazi kila mahali barabarani, na akina mama wameanza kuviokota, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa umepondwa na chuma. Sila alikuwa amekaa kwenye majani, kofia bado kichwani. Baba walikuwa wameshamfunika na turubai.

Kwenye mazishi Hezron alisimama na Biblia. Alisema baridi ya mwaka huu imetuulia mtu mwaminifu, na kazi ya Mungu haina makosa. Watu wakaitika. Mama alikuwa ametolewa hospitali siku hiyo hiyo, ameketi kwenye kiti cha kuazimwa, na kila aliyempa mkono alimwambia, ni tairi, ni tairi ilipasuka. Hakuna aliyesema ni tairi gani. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake na mkono wangu kwenye plasta, na nilijua ni tairi gani.

Hivyo ndivyo nilivyokua. Shule niliacha darasa la nne nikaenda kupalilia mashamba ya watu na mama. Presha yake ikashuka, ajabu, na bado yuko, ana miaka mingi na masikio mabovu. Sikumwambia. Nilipookoka nilitaka kushuhudia kanisani nikashindwa, nikasema dhambi nyingine za uongo. Nilipomzaa Ruth, na nesi akanifunga kile kitambaa akaanza kukiminya, nilimshika mkono nikamwomba aniache, akafikiri naogopa sindano. Wala sikuuliza mtu yeyote ni tairi gani. Mwenye kuuliza hujulikana kwa nini anauliza.

Sasa mrudi nami kwenye asubuhi ile ya taa. Sikumsikiliza mwalimu. Nilienda polepole mpaka kwa Wafula, fundi wa pancha pale sokoni Molo, mzee mwenzangu mwenye mdomo mchafu na mikono safi. Nikamwambia taa haizimiki, nimeambiwa ni baridi. Akachukua kile chombo chake cha kupimia, akazunguka, moja, mbili, tatu, akapima ya nne mara mbili.

"Aliyekuambia ni baridi, mwambie arudi shule," akasema. "Baridi haichagui, mathe. Ikishusha, inashusha zote, sawa sawa. Hizi tatu zimepungua kidogo, hiyo ndio baridi. Hii moja imeenda kabisa. Ukiona moja imelala peke yake na wenzake wako macho, hapo kuna msumari."

Aliitoa, akaizungusha kwenye karai la maji, akanionyesha msumari wa kupigilia mbao umezama mpaka kichwa. Mimi nilikuwa sioni msumari. Nilikuwa nasikia mti wa baba: mzima, mzima, na moja tu inayosema "bu". Moja, na asubuhi ile ilikuwa ya barafu kwa zote sita. Baba alikuwa amewaambia kweli. Miaka arobaini nimebeba kijiti changu, na sikuwahi hata mara moja kukaa nikafikiria ile tairi nyingine.

Wafula aliniuliza kama naumwa. Nikamuuliza kama anajua Sila, aliyekuwa dereva wa Hezron, bado yuko hai. Hezron najua alikufa, alikufa kitandani kwake akinyweshwa uji na wajukuu. Wafula akasema Sila yuko, alihamia Keringet, ana ng'ombe wawili, miguu imemwisha.

Nilienda Keringet siku iliyofuata. Kabeji zikabaki. Njia nzima nilikuwa najiambia, uliza kitu kimoja tu, na jibu lolote likitoka, lipokee. Kwa sababu kulikuwa na uwezekano aseme ya mbele kushoto.

Nyumba yake ilikuwa ya mabati mapya, mkewe ananyunyizia vitunguu maji. Sila alikuwa amekaa kwenye sofa amefunikwa magoti. Hakunijua. Nilipomwambia mimi ni binti ya Yohana, aliangalia mkono wangu wa kushoto kabla ya uso, na hapo nikajua hajasahau. Akaanza kunikaribisha, chai, habari za mama. Nikamwambia sikuja kwa chai.

"Mzee, ni tairi gani ilipasuka?"

Mkewe akaingia na chupa ya chai, akasimama.

"Nyuma, kushoto," Sila akasema. "Ile ya ndani ilikuwa imelala kabisa. Ya nje ikabeba peke yake, ikachoka, ikapasuka."

"Na ya mbele?"

"Ya mbele?" Alishangaa kweli. "Ya mbele haikuwa na kitu. Ilikuwa imepungua, usukani ulinivuta kushoto tangu Molo. Nikaijaza pale Elburgon."

Nikamuuliza mbona hiyo aliijaza. Akasema, kwa sababu hiyo ilikuwa inamsumbua mikono. Akasema, baba yako pia aliniomba pale pale petroli tushushe mzigo tuitoe ile ya ndani, yeye atashusha peke yake, hata nisishike gunia. "Nikamwambia Hezron anataka tufike mapema. Nikamcheka. Hiyo ndio ukweli, mama. Nilimcheka."

Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Nilikuwa na matusi ya miaka. Badala yake nilijikuta nimekaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, nikamwambia habari ya kile kijiti, na nesi, na upepo, na Baba Yetu. Nilisema yote kwa mara ya kwanza maishani, na niliyemwambia ni yule. Alisikiliza mdomo wazi, jino lile lile limevunjika. Nilipomaliza akasema, "Na si ungeuliza tu. Hata ungenitumia salamu, ningekuambia."

Akasema hivyo. Kama kwamba yeye alikuwa amengoja kuulizwa, na kosa tena lilikuwa langu.

Nikasimama. Nilimwambia sijamsamehe, na nisingependa aende kusema kanisani kwamba nimemsamehe. Nilimwambia nikifika nyumbani mama atasikia yote, nitamwambia karibu na sikio, kwa jina la Sila na la Hezron, na kanisa pia nitaliambia, lile lililoitika siku ya mazishi.

Mkewe alikuwa bado amesimama na ile chupa. Nafikiri alikuwa ameolewa baada ya mambo yale, maana uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia habari mpya ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliniuliza taratibu, "Ulikuwa na miaka mingapi, dadangu?"

"Minane."

"Minane," akarudia. Akaiweka chupa mezani bila kummiminia mtu, akamgeukia mumewe, akakaa akimwangalia hadi nikatoka.